Maiki kwenye Koti la Bwana Harusi

Mama mkwe wangu mtarajiwa alinionyesha harusi ya mchumba wangu siku ya Jumapili, saa tisa alasiri, nikiwa na kikombe cha chai mkononi na kipande cha nduma mdomoni.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Harusi ya mchumba wangu. Mbuthia aliwahi kuoa kabla yangu, na mkewe, Hannah, alifariki miaka minne iliyopita, ndoa yao ikiwa haijamaliza hata mwaka wa pili. Hilo nililijua tangu mwanzo, hakunificha. Lakini kulijua jambo ni kimoja, na kuliona likikujia kwenye runinga kubwa ya sebuleni, limevaa shela na linacheka, ni kingine kabisa.

"Ona hapo, Ivyne," Mama Wangeci aliniambia, akielekeza rimoti. "Ona vile amechukua hiyo gauni, pole pole, kutoka chini mpaka juu. Huyo Kiema anajua kazi. Si hawa wa siku hizi wanarusha drone juu ya watu kama wanatafuta mwizi."

"Ni poa, Mum," nikasema.

"Si ni poa? Basi ndio huyo tutachukua. Nishamwambia akae tayari mwezi wa kumi na mbili."

"Kwani hana kazi ingine ya kuonyesha watu?" nikauliza, nikajaribu kucheka.

"Ingine nitatoa wapi?" akashangaa. "Mimi nina kijana mmoja tu."

Sitamsingizia mama wa watu. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka nione kazi ya mpiga video, na sampuli aliyokuwa nayo nyumbani kwake Waithaka, hapa Nairobi, ilikuwa hiyo moja. Binamu yangu Jacklyne, ninayeishi naye Kileleshwa, nilipomsimulia jioni alitaka kuvaa viatu aende akamwambie mtu maneno. Nikamzuia. Ila nakiri kwamba ile nduma ilikataa kushuka.

Hannah alikuwa mfupi, mweupe, mwenye mwanya. Video nzima ilikuwa imewekwa nyimbo, kwa hiyo ulimwona akisema na kucheka bila kumsikia. Kila alipopita na Mbuthia alikuwa amemwegemea, mkono mmoja kifuani, kichwa kwenye bega la mumewe. Mbuthia naye akimwinamia na kumnong'oneza, na Hannah akiinua uso na kutabasamu. Mimi huyo Mbuthia sikuwahi kumwona. Wangu ni mtu wa kuweka mikono mfukoni. Wivu ukanishika, wivu wa mke mwenza asiyekula wala kunywa, ambaye hata ukitaka kugombana naye huna pa kumpata.

Hapo ndipo mwenyewe alipoingia, ametoka nje kuwatazama wapangaji wa mama yake. Akasimama mlangoni. Akatazama runinga, akanitazama mimi, na nikaona uso wake ukipauka. Alivuka sebule kwa hatua tatu akaizima, si kwa rimoti, bali kwa kuchomoa waya ukutani.

"Nilisema sitaki kamera kwa hii harusi," alisema.

"Wewe unasema kama nani?" mama yake akamjibu. "Harusi ni ya bibi. Na hawa watu wa kina Ivyne hupenda mambo ikiwa kubwa. Ama namna gani, Ivyne? Mtu wa Siaya aolewe bila video? Watasema tulimwiba."

"Mum, tafadhali."

"Mimi nanyamaza," akasema Mama Wangeci, na hakunyamaza. "Lakini ujue Hannah hakukataza mtu kuishi."

Mbuthia akachukua funguo za gari.

Alikuwa ananirudisha nyumbani, na kufika Kawangware magari yalikuwa yamesimama. Alikuwa na pikapu ya duka lake la vigae, na kila tulipokanyaga shimo maboksi yaligongana nyuma yetu. Nilimtazama kwa upande. Mbuthia ni mzuri akiwa amekasirika, na hilo ni tatizo kwa mtu anayetaka kugombana naye.

"Niambie sababu," nikasema.

"Sababu gani?"

"Usijitie hamnazo. Tumepanga keki, tumepanga mahema, tumepanga mpaka rangi ya soksi za wasimamizi. Hujakataa kitu. Lakini video, hapana. Kwa nini?"

"Watu wengi wanaoana bila video, Ivyne."

"Watu wengi baba zao watakuwa wamekaa pale mbele."

Alijua ninamaanisha nani. Baba yangu, mwalimu Zedekiah, alipigwa na kiharusi mwezi wa tatu. Yuko nyumbani Ugunja, upande wa kulia umekufa na maneno yameisha. Anaelewa kila kitu lakini hawezi kukaa kwenye gari safari ya kutwa kuja Nairobi. Mimi ni binti yake wa pekee. Kaka yangu Oloo alinipigia simu akaniambia Baba alionyesha jicho lake kwa kidole, kisha akaonyesha picha yangu ukutani, kisha akafungua kiganja. Yaani, nitamwona? Nikamwahidi kwamba Baba ataona kila hatua, kuanzia mlangoni pa kanisa hadi keki.

"Jacklyne anaweza kupiga na simu," Mbuthia alisema.

"Jacklyne akishika simu anajipiga yeye. Utaona harusi nzima ni meno yake."

Sikufaulu kumchekesha. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Ni Hannah?" nikauliza. "Hutaki nionekane mahali alionekana? Niambie tu, Mbuthia. Kama bado wewe ni mume wake, niambie mapema nijipange."

"Usiseme hivyo."

"Basi sema wewe."

Aligeuka akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa kitu kilichotaka kutoka. Midomo ikafunguka. Nyuma yetu mtu akapiga honi, foleni ikasogea, na kile kitu kikarudi ndani.

"Siwezi," alisema.

Nilipofika Kileleshwa nilishuka na kuushika mlango wa gari bila kuufunga. Nikasema nilichokuwa nimekipanga tangu Kawangware.

"Jumapili ijayo mchungaji anaanza kutangaza majina yetu kanisani. Nipe sababu kabla ya hapo. Usipoipata, nitamwambia asiyasome. Siwezi kuingia kwa nyumba iko na mlango mmoja umefungwa, na mimi sina ufunguo."

"Ivyne."

"Mpaka Jumapili."

Nilipanda ngazi nikilia, nikitumaini ataniita tena. Hakuita.

* * *

Mtafuta cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama Jumanne, saa ya chakula cha mchana. Niliomba ruhusa kwa daktari wa meno ninayemfanyia kazi ya mapokezi kule Muthangari, nikaenda mjini kumtafuta Kiema.

Studio yake iko ghorofa ya tatu, kwenye jengo moja nyuma ya barabara ya Tom Mboya, juu ya maduka ya simu. Mlangoni kulikuwa na bango: HARUSI, MAZISHI, RURACIO (MAHARI), MAHAFALI. Nikasimama kidogo nikiyatazama hayo maneno mawili ya mwanzo yalivyokaa bega kwa bega. Ndani nilimkuta mwanamume wa makamo, mchangamfu, tumbo limetangulia, lafudhi ya Machakos haijamtoka.

"Wewe ndio bibi harusi wetu! Mathe wa Mbuthia alinipigia. Karibu, karibu madam. Hiyo familia ni yangu. Nilifanya harusi, nikafanya mazishi. Hata mazishi niliwafanyia bei ya family."

Nikamshukuru. Sijui kama kuna jibu lingine kwa maneno kama hayo.

Kiema alipenda kazi yake, na mtu anayeipenda kazi yake humalizi naye upesi. Alinionyesha kamera, alinionyesha taa, halafu akafungua kijisanduku akatoa kimaiki kidogo, kidogo kuliko kifungo cha shati.

"Watu wanadhani video ni macho," alisema. "Video ni masikio. Hii naibandika kwa koti ya bwana harusi asubuhi, ndani hapa, karibu na maua. Naiwasha, naweka tape isitoke. Kufika saa nne ameshaisahau. Lakini yenyewe haimsahau. Inashika kiapo, inashika mchungaji, inashika akitukana best man juu ya pete. Inashika hata bibi, kwa sababu bibi amemkaribia siku yote. Jioni naitoa, nachukua kiapo tu. Ingine naweka nyimbo juu."

"Na hiyo ingine unatupa?"

"Mimi situpi kitu. Ya mwaka wa kwanza iko. Hata watu wameachana, harusi yao iko." Akacheka.

Nilijua ninachotaka kuuliza, na nilijua si adabu.

"Ya Mbuthia iko?"

Kicheko kikamwishia. "Si uliiona kwa mathe?"

"Niliona iliyokatwa."

"Madam, hiyo ni ya wenyewe."

"Kufika Desemba si mimi ndio mwenyewe?"

Alinitazama, akakuna kichwa. Pengine aliogopa kupoteza kazi. Pengine alinihurumia. Alifungua kompyuta, akanipa hedifoni, akasema anashuka chini kumpelekea mteja picha za pasipoti na atarudi sasa hivi. Nikabaki peke yangu na Hannah.

Nitakuambia kwa nini nilisikiliza. Nilitaka kujua alichokuwa akimnong'oneza. Yale maneno ya mapenzi ambayo mimi siambiwi, niyasikie kwa masikio yangu, niumie mara moja, yaishe. Ndiyo sababu. Si nzuri, lakini ndiyo.

Nilisikia kwanza kitambaa kikisuguana na koti. Kisha sauti ya mwanamke, nyembamba, iliyo karibu sana, kana kwamba ananisemesha mimi.

"Babe, ngoja. Siwezi pumua vizuri."

Na Mbuthia, kijana, akicheka: "Ni hiyo corset imekubana. Tabasamu, kamera iko hapo."

Kwenye skrini wakatoka kanisani. Hannah akainua uso, akatabasamu. Ulikuwa ule mwinuko wa uso niliouonea wivu Jumapili.

Nikasogeza mbele. Walikuwa wanashuka ngazi za kanisa, watu wakirusha maua. "Mbuthia, kifua." "Kidogo tu, love. Tabasamu, watu wanatuangalia." Hiyo ya pili. Nikasogeza tena. Bustani ya Arboretum, wanapigwa picha chini ya miti. "Naweza kaa chini kidogo?" "Tumalize hii moja. Tabasamu." Hiyo ya tatu. Na mkono wake ulikuwa kifuani. Sikuwa nimeona mapenzi Jumapili. Nilikuwa nimemwona mwanamke akishikilia asianguke, na bega la mumewe ndilo lililokuwa karibu.

Ya nne ilikuwa kwenye keki. Hapo Hannah hakusema kitu. Alikuwa amemlalia Mbuthia kifuani, juu ya maiki yenyewe, na nilisikia pumzi yake ikija kwa vipande vipande, kama mtu aliyepanda mlima. Ilikuwa ndani ya kichwa changu. Halafu sauti ya Mbuthia, imechoka, haina mzaha tena:

"Hannah, please. Tabasamu."

Akatabasamu. Nilimwona. Na kabla sijavua hedifoni akasema neno la mwisho, taratibu, akicheka na huku anahema.

"Siku moja nitakulipisha hizi tabasamu zote, wewe. Lakini nakupenda. Hata hivyo nakupenda."

Kiema aliporudi alinikuta nimeweka hedifoni mezani na mikono yangu juu yake, kana kwamba itaruka.

"Hiyo yote nilikata," alisema kwa sauti ya chini. "Nani anataka kusikia bibi harusi akihema?"

"Mbuthia alishawahi kuisikia?"

"Hapana. Alikuja baada ya mazishi. Akasimama hapo kwa mlango, hakuingia. Akaniuliza kama maiki ilishika kila kitu. Nikamwambia eeh, kila kitu. Akageuka akashuka. Tangu siku hiyo hata simu yangu hashiki."

* * *

Alhamisi jioni, saa kumi na moja na nusu, daktari alikuwa ameshaondoka na mimi nafuta meza ya mapokezi, Mbuthia akaingia. Hakupiga simu kwanza. Alikuwa na vumbi la vigae kwenye nyusi na hakuwa amenyoa. Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akaweka mikono magotini. Chumba kilinukia karafuu na dawa, na nje wahudumu wa nyumba walikuwa wakirudi makwao, wakipiga soga kando ya barabara.

"Sasa?" akanisalimu.

"Poa."

"Nimekuja kukupa sababu."

Ningeweza kumwacha aseme. Ningeketi nisikilize kama mtu asiyejua. Lakini mdomo wangu haujawahi kungoja zamu yake.

"Nilienda kwa Kiema," nikasema.

Alisimama. Sijawahi kumwogopa Mbuthia, na hata hapo sikumwogopa, ila nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati la faili.

"Ulisikiliza?"

"Eeh."

"Nani alikuruhusu? Ivyne, nani alikuruhusu kuingia huko?"

"Wewe ulikataa kuniambia!"

"Kwa hivyo ukaenda kumuuliza marehemu!"

Maneno hayo yalitua kati yetu. Yeye mwenyewe yalimshtua. Alikwenda hadi mlangoni, akaushika, na nikadhani ndiyo basi, ameondoka, na mchungaji hatakuwa na majina ya kusoma. Nilikuwa nimemtishia kumwacha, na sasa nilipoona mgongo wake nilijua sikuwa na nguvu hiyo hata kidogo. Nampenda mtu huyu. Nampenda na vumbi lake na mikono yake mfukoni.

Hakufungua. Alibaki ameshika kitasa, akanena akiutazama mlango.

"Daktari alisema moyo wake ulikuwa na shida tangu akiwa mtoto. Alisema ingeonekana mapema, pengine. Kama tungempima mwaka mmoja mapema. Hiyo ndio siku ya kwanza aliniambia kifua, Ivyne. Siku ya harusi. Hakuwa ameniambia mbeleni. Na mimi nikamwambia atabasamu. Baadaye kila akisikia vibaya alikuwa ananificha. Si nilimfundisha mimi?"

"Mbuthia."

"Kamera ikiwa hapo mimi nageuka mtu mwingine. Nataka watu waone vizuri. Nataka Mum afurahi. Sasa wewe unaniambia tuweke kamera tena. Na siku moja utaniambia unaumwa, na mimi nikwambie tabasamu. Hiyo ndio sababu. Si eti nampenda kuliko wewe. Naogopa ule mtu nageuka."

Nikamfuata. Nikauweka mkono wangu mgongoni pake na kuhisi joto lake kupitia shati. Hakuuondoa. Tulisimama hivyo hadi akageuka, na nikaona kwamba hakuwa amelala siku nyingi.

"Mimi si Hannah," nikamwambia. "Mimi nikiumwa jirani wa tatu atajua."

Akacheka bila kutaka, kicheko kikavunjika kikawa kitu kingine. Akaketi tena kwenye kile kiti cha wagonjwa na kunishika vidole.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Mimi nakumbuka mara moja. Pale kwa mlango wa kanisa. Hiyo naikumbuka wazi. Lakini nikilala nasikia nikimwambia tena, na tena, siku nzima. Sijui kama ni ndoto ama ni kweli ilikuwa hivyo. Nilienda kwa Kiema nijue, nikashindwa kuingia. Miaka minne, Ivyne. Mara moja nitaiweza. Mtu anaweza kukosa mara moja, si ni ukweli? Sasa wewe umesikia. Nilimwambia mara ngapi?"

Macho yake yalikuwa usoni pangu. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo, wala sitaki kutazamwa hivyo tena. Jumapili tu nilikuwa nadai ukweli mbele ya geti Kileleshwa, tena kwa sauti ya juu. Sasa ukweli nilikuwa nao mimi, wote, na nilihisi uzito wake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema. Mimi nilichagua ulimi, tena kwa makusudi.

"Mara moja," nikasema.

"Moja?"

"Pale kwa mlango. Mkicheka. Hakuna ingine."

Aliweka paji la uso wake juu ya mkono wangu akalia. Sijamsikia mwanamume akilia hivyo isipokuwa msibani. Alilia mpaka mabega yakachoka, na mimi nikimpapasa kichwa, nikimwambia imekwisha, imekwisha, na kila nilipolisema neno hilo nilisikia mtu akihema ndani ya sikio langu la kushoto.

Alipoinua uso alikuwa mtu mwingine. Nakuapia. Macho yalikuwa mekundu lakini kulikuwa na kijana humo ndani, yule aliyekuwa akicheka kwenye mlango wa kanisa.

"Mwambie Kiema aje," alisema. "Aje na kamera zote. Baba Zedekiah lazima aone bintiye. Hata hiyo maiki anibandike, siogopi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Na Ivyne, asante. Mtu mwingine angeniambia vile nataka kusikia." Alinibusu kiganja, akasimama, akajipangusa pua kwa mkono wa shati. "Unajua sasa hata mimi naweza kuisikiliza? Kama ni mara moja tu, naweza. Sauti yake yenyewe sijaisikia tangu afe, ile ya Mum ni nyimbo tupu. Kesho nitafunga duka mapema. Twende pamoja, nimuage vizuri, ndio Jumapili tutangazwe nikiwa mzima. Ngoja nioshe uso."

Akaingia msalani. Nikasikia bomba la maji likifunguliwa, na juu ya maji, Mbuthia akipiga mluzi. Mbuthia wangu, ambaye hajui mluzi.

Nilichukua simu. Nikakosea kubonyeza jina mara mbili. Kiema akapokea kwa furaha.

"Madam bibi harusi! Tumepata kazi?"

"Umepata. Lakini ile sauti ya maiki ya Hannah, ifute. Sasa hivi, kabla ya kesho."

"Mbuthia amesema?" akauliza.

"Amesema."

"Madam, nikifuta hairudi. Na Hannah hana sauti ingine mahali. Hata kwa mazishi tulitumia picha. Ndiyo hiyo tu imebaki kwake."

Bomba bado lilikuwa linatiririka. Nilifikiria zile mara nne. Ningependa kukuambia kwamba nilizifikiria hizo peke yake, kwamba nilikuwa nikimkinga mtu ninayempenda. Lakini nilikuwa nalisikia pia lile neno la mwisho, lile la mwanamke aliyekosa pumzi na bado akaitafuta ya kumsamehe mumewe, neno ambalo Mbuthia angelisikia mara moja tu na asingemsahau Hannah tena maisha yake yote. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililonifungua mdomo. Mpaka leo nikijiuliza sipati jibu.

Maji yakafungwa.

"Futa," nikamwambia.